Vizazi na vifo vya biashara: namba hizi husomwaje?

Kila tunapotoa takwimu za biashara zilizoanzishwa na zilizofungwa, simu huanza kulia ofisini. Anayetaka kusifia hali ya eneo lake anashika hesabu ya zilizosajiliwa, na anayetaka kulaumu anashika ya zilizofungwa. Kila mwamba ngozi huvutia kwake. Sisi watu wa takwimu huziita vizazi na vifo, na kama ilivyo kwa binadamu, huwezi kuijua afya ya mji kwa kuhesabu makaburi tu.

Chukua mfano wa maeneo mawili, kila moja lina biashara 2,000. La kwanza limepata mpya 240 kwa mwaka, zikafungwa 220. La pili limepata 60, zikafungwa 40. Yote mawili yameongeza 20, na mwenye haraka atasema yako sawa. Lakini ukijumlisha vizazi na vifo, la kwanza lina mzunguko wa asilimia 23, la pili asilimia 5 tu. Mimi linalonitia wasiwasi ni hili la pili, pamoja na utulivu wake wote. Huenda mikopo haipatikani, au vibali vina mlolongo mrefu, au wakubwa wachache wameshika soko na mgeni hana pa kuingilia. Mwaka 1942 mwanauchumi Joseph Schumpeter alieleza kwamba uchumi hukua kwa kipya kuangusha cha zamani. Mahali ambapo hakuna kinachoanguka, mara nyingi hakuna kinachoota.

Hata hivyo mzunguko nao una hila zake. Nchini Marekani, takwimu za kazi zinaonyesha kwamba takriban biashara moja kati ya tano hufungwa kabla ya kutimiza mwaka, na karibu nusu haziuoni mwaka wa sita. Uwiano huo haubadiliki sana, uchumi uwe mzuri au mbaya. Kwa hiyo mwaka wa vizazi vingi lazima ufuatwe na miaka ya vifo vingi. Ukiona kufungwa kumepanda, kabla hujapiga kelele uliza miaka miwili au mitatu iliyopita zilisajiliwa ngapi. Pengine unachokiona ni mwangwi tu.

Vizazi vingi pia si habari njema moja kwa moja. Watu wakiachishwa kazi, wengi hujisajili kwa sababu hawana pengine pa kwenda. Marekani ilipokea maombi takriban milioni 3.5 ya kuanzisha biashara mwaka 2019, na 2021 yakafika karibu milioni 5.4. Hayo ni maombi, na mengine huishia kwenye karatasi. Ndiyo maana mimi hutazama kwanza ni ngapi zimeajiri mtu wa kwanza asiye mmiliki wake. Hapo ndipo biashara huanza kugusa mfuko wa mtu mwingine.

Tuje kwenye vifo, ambako makosa ni mengi zaidi. Kufungwa si kufilisika. Wapo wanaofunga kwa sababu wamezeeka, wamepata ajira nzuri, au wamemuuzia mwingine kwa faida. Kufilisika nako kunaweza kudanganya: Uingereza mwaka 2020, katikati ya janga la korona, kampuni zilizofilisika zilikuwa chache kuliko 2019. Misaada ya serikali na ahueni ya madeni ndivyo vilivyozishikilia. Kufikia 2022 idadi ilikuwa imepanda kupita ya kabla ya janga.

Halafu kuna yale ya kwenye daftari la usajili wa biashara. Unafungua rekodi mbili: jengo lile lile, simu ile ile, wafanyakazi wale wale, jina tu ndilo jipya. Daftari lisipoziunganisha, limeandika kifo kimoja na kizazi kimoja, wakati pale mlangoni kilichobadilishwa ni kibao tu. Kuzisaka rekodi za namna hii ni kazi ya kuchosha, na ndiyo inayokula muda wetu mwingi.

Tena kifo hakithibitishwi upesi. Kwa utaratibu wa takwimu za Ulaya, biashara iliyosimama ikifufuka ndani ya miaka miwili haihesabiwi kuwa ilikufa. Hivyo idadi ya vifo vya mwaka jana ikichapishwa huwekewa alama kwamba ni ya awali. Ukiinukuu, usiiache hiyo alama nyuma.