Ukiwa na goti la zamani, usianze kwa kukimbia

Jumapili alfajiri vikundi vya jogingi hupita Chumbageni kuelekea Raskazone vikiimba mchakamchaka. Jumatatu yake, mara nyingi, mlangoni kwangu anasimama mtu mwenye goti lililovimba. Sina ugomvi na jogingi, inawatoa watu ndani na kuwapa wenzao. Ila mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia hapa Tanga, na wengi ninaowahudumia waliumia zamani, miaka kumi au ishirini nyuma. Mguu ulipouma wakauonea huruma, wakaacha kuutumia, wakanenepa. Sasa daktari kawaambia wapunguze uzito, nao wanajua njia moja tu: kutoka jasho. Wananunua raba, wanakimbia juu ya lami, wanatonesha palepale.

Nitawasimulia mmoja, mzee wa Ngamiani. Alikuja akiwa na kilo 104. Mwaka 1998 alikuwa kiungo wa timu ya mtaani, goti la kulia likateguka, likachuliwa kwa maji ya moto, likafungwa bandeji, naye akarudi uwanjani kabla halijapona. "Mwanangu," aliniambia, "nataka kilo ishirini zitoke kabla ya Ramadhani." Tulikuwa na miezi saba. Nikamuuliza, "Baba, kwa nini Ramadhani?" Akanyamaza kidogo. Kumbe alikuwa na miaka mitatu anaswali kwenye kiti, na alitaka kusujudu.

Basi nikajua kwamba mizani haitatosha kutupimia kazi hii. Kupanda ngazi, goti hujikunja nyuzi 90 hivi. Kukaa baina ya sijida mbili, kisigino kikigusa makalio, linakaribia nyuzi 150. Mtu anaweza kupungua kilo ishirini na goti likabaki gumu vilevile, halina nguvu ya kumshusha wala kumwinua.

Uzito una sehemu yake, tena kubwa. Ukitembea tambarare, goti hubeba mara mbili hadi tatu ya uzito wako. Watafiti waliowapima watu wazima wanene wenye magoti yaliyolika waliona kwamba kila kilo moja iliyopungua iliondoa takribani kilo nne za mzigo gotini kwa kila hatua. Hesabu hiyo huwa nawaandikia watu kwenye karatasi waende nayo nyumbani, kwa sababu anayepungua kilo tatu hujiona hajafanya kitu, na kumbe goti lake limeshapumua.

Lakini jambo ambalo wengi hawajawahi kuambiwa ni hili. Goti likijaa maji, hata kidogo, neva zake hupeleka taarifa kwenye uti wa mgongo, na msuli wa mbele wa paja unapunguziwa amri ya kufanya kazi. Si uvivu, si woga, mwili ndivyo unavyojihami. Uvimbe ukiisha, msuli haurudi wenyewe, lazima urudishwe. Nilipima mapaja ya yule mzee kwa utepe, sentimita 10 juu ya pia ya goti. La kulia lilikuwa dogo kwa sentimita 3, baada ya miaka yote hiyo. Goti lake lilikuwa linabeba kilo 104 bila mbebaji.

Ndiyo maana nakasirishwa na mtindo wa kushinda na njaa kutwa nzima ili upungue haraka. Mwili ukinyimwa chakula hivyo, na misuli haipewi kazi, hauchomi mafuta peke yake, unakula na msuli. Mtu wa goti bovu anapoteza msuli uleule anaouhitaji kuliko wote. Kupungua nusu kilo kwa wiki kunatosha. Mzee wangu hakuacha samaki wala maharage ya nazi. Aliacha soda mbili za kila siku, akatoka chapati tatu za asubuhi hadi moja, na yai likaongezeka. Soda ya mililita 350 ina sukari ya vijiko tisa hivi vya chai, na mtu wa uzito wake akitembea nusu saa huunguza takribani soda hiyo moja. Kwa hiyo uzito unaanza kupungua mezani. Jimu tunakwenda kujenga msuli.

Jimu tulianza na kiti. Kukaa na kusimama, mikono kifuani, taratibu wakati wa kushuka. Kisha kuegemea ukuta magoti yakiwa yamejikunja kidogo na kutulia hapo sekunde 30 hadi 45, mara tano. Kutulia hivyo kunalipatia paja kazi bila kulisuguasugua goti. Wiki ya tatu tukaenda kwenye mashine ya kusukuma vyuma kwa miguu, mguu mmoja mmoja, na nasisitiza mmoja mmoja, kwa sababu ukisukuma kwa miwili, mguu mzima humfichia ndugu yake aibu na mgonjwa anabaki mgonjwa. Hatukushuka zaidi ya pale palipokuwa hapaumi. Baada ya wiki kadhaa pale pakawa chini zaidi.

Maumivu nayo yana kanuni. Jipe alama kutoka 0 hadi 10. Wakati wa zoezi, hadi 3 endelea. Ikifika 5, punguza vyuma au punguza kina. Lakini hukumu yenyewe hutolewa alfajiri. Ukiamka kwenda kutia udhu na goti liko kama lilivyokuwa jana kabla ya tizi, kipimo chako kilikuwa sahihi. Likiwa limevimba au limekakamaa kuliko jana, ulizidisha, hata kama jimu hukusikia kitu. Nawaambia waandike kwenye daftari kila asubuhi, neno moja tu: sawa, au zito.

Na msimeze diklofenaki, ile dawa ya kutuliza maumivu, ili muweze kufanya mazoezi. Nawasihi sana. Inazima kengele wakati moto unaendelea, na kwa mwenye presha, vidonda vya tumbo au figo dhaifu, dawa hiyo ina madhara yake.

Wiki ya nne au ya tano ndiyo ninayoiogopa. Pumzi hurudi haraka, kwa hiyo mtu anajiona kijana, anaongeza vyuma mara mbili, anaruka kamba na wenzake. Kano, zile kamba zinazoshikiza msuli kwenye mfupa, hazikui kwa kasi hiyo, zinataka miezi mitatu na zaidi kuzoea mzigo. Mzee wangu naye alinikimbia wiki ya tano. Akaenda na jogingi hadi Raskazone, na siku ya pili akaja anachechemea. Tukarudi nyuma wiki mbili.

Kwa jasho analolitaka kila mtu, mji wetu umetupa vitu viwili. Kwanza, baisikeli, na Tanga ni tambarare. Ila pandisheni viti! Pedali ikiwa chini kabisa, mguu uwe karibu kunyooka, goti limejikunja kidogo tu. Kiti cha chini kinaigandamiza pia ya goti kila mzunguko. Pili, bahari. Maji yakikufika kiunoni, miguu inabeba karibu nusu ya uzito wako, na yakifika kifuani ni kama theluthi moja. Tembea ndani ya maji Raskazone dakika 20, mahali penye mchanga usawa, uone mapaja yatakavyochoka goti likiwa salama. Kina mama wanaoona haya huenda mapema, na buibui lao, na inafaa kabisa.

Wenye mabega yaliyovunjika kwa ajali za bodaboda, kanuni ya alfajiri ni ileile. Anzeni kuvuta kabla ya kusukuma, na vyuma vya juu ya kichwa viwe vya mwisho.

Goti likikwama lisinyooke, likilegea ghafla ukitembea, au maumivu yakikuamsha usiku, usianze jimu, nenda hospitali kwanza. Mgongo ukiuma pamoja na ganzi ya mapajani au mkojo usiozuilika, nenda siku hiyohiyo.

Miezi saba ilipotimia, mzee alikuwa na kilo 95. Tisa, si ishirini. Tofauti ya mapaja ilikuwa imebaki sentimita 1. Kusujudu tulikufanyia mazoezi kama zoezi jingine lolote: kwanza mto mnene chini ya makalio, kisha mto mwembamba, kisha taulo lililokunjwa. Usiku wa kwanza wa Ramadhani aliswali Isha kwenye mkeka. Tarawehe aliswali rakaa nane chini, zilizobaki akazimalizia kwenye kiti. Asubuhi akanitumia ujumbe wa neno moja kutoka kwenye daftari lake: sawa.