Je, wajua kwa nini kifaa kizima kinaweza kugoma kwenye Linux?

Kompyuta ni nzima, kadi ya Wi-Fi ni mpya, lakini ukishaweka Linux, mfumo huria wa uendeshaji, mtandao hauonekani. Wengi huilaumu Linux papo hapo. Mara nyingi tatizo ni kitabu: maelezo ya kiufundi ya chipu iliyo ndani ya kadi, ambayo mtengenezaji hakutaka kuyatoa hadharani.

Kuelewa uzito wa kitabu hicho, tazama jinsi chipu inavyoamrishwa. Chipu ina rejista, yaani nafasi ndogo za kuwekea namba, kila moja na anwani yake. Programu huiamrisha kwa kuandika namba humo, na hupata majibu kwa kuzisoma. Programu yenyewe ndiyo tunayoiita draiva.

Chukua 16550, chipu iliyosimamia mlango wa serial, yaani unaopitisha data biti moja baada ya nyingine, kwenye PC kwa miaka mingi. Kwa kawaida mlango wa kwanza huanzia anwani 3F8 katika heksadesimali, yaani namba za msingi wa 16. Ukitaka data ipite kwa biti 9600 kwa sekunde, unawasha kwanza biti namba 7 ya rejista iliyo 3FB. Hapo 3F8, ambayo kwa kawaida hupitisha herufi, inageuka kuwa pa kuandikia kigawanyo cha kasi. Unaandika 12 kwenye 3F8 na 0 kwenye 3F9, maana 115200, kasi ya juu ya mlango huo, ukiigawa kwa 12 unapata 9600. Kisha unaandika 3 kwenye 3FB: biti namba 7 inazimika, na mlango unajua kuwa kila herufi ina biti 8, haina biti ya ukaguzi, na inafungwa na biti 1. Hakuna akili ya kuzaliwa itakayokwambia kwamba anwani moja ina kazi mbili. Ni lazima aliyeiunda chipu aseme. Kwa 16550 alisema, ndiyo maana wanafunzi wa mifumo ya uendeshaji bado huandika draiva yake kama zoezi.

Na hiyo ni chipu ndogo sana. Kadi ya michoro ina maelfu ya rejista.

Uwazi huu ulikuwepo tangu mwanzo wa PC. Mwaka 1981 IBM iliuza kitabu cha kiufundi cha kompyuta yake kikiwa na michoro ya saketi na hata msimbo wa BIOS, programu inayoanza kufanya kazi kompyuta inapowashwa. Intel nayo ilichapisha mwongozo wa kichakataji chake cha 80386, na Linus Torvalds alipoanza kuandika Linux mwaka 1991, mashine aliyoiandikia ni hiyo. Bila maelezo hayo kuwa mikononi mwa watu, sioni ni wapi mwanafunzi mmoja angeanzia.

Pasipo na kitabu, watu hujitwisha kazi ya upelelezi. Kwa kadi za Wi-Fi za Broadcom, kundi moja lilifumua draiva ya kampuni na kuandika maelezo ya jinsi chipu inavyofanya kazi. Kundi la pili likasoma maelezo hayo tu, bila kuigusa draiva ya kampuni, likaandika draiva mpya ili pasiwe na madai ya kunakili. Draiva hiyo iliingia Linux mwaka 2006. Mradi wa Nouveau, unaoandika draiva huria ya kadi za michoro za Nvidia, ulifanya upelelezi wake hivi: unarekodi kila namba ambayo draiva ya kampuni inaiandika kwenye kadi, unabadilisha kitu kimoja kwenye skrini, unarekodi tena, halafu unatafuta kilichobadilika. Nawaheshimu mno waliofanya kazi hii. Lakini ni miaka ya watu wenye vipaji iliyotumika kugundua upya mambo ambayo tayari yalikuwa yameandikwa kwenye makabati ya kampuni.

Kuna njia ya tatu inayoonekana nafuu, nami naiona mbaya kuliko inavyodhaniwa. Kampuni humpa mtaalamu mmoja kitabu kwa mkataba wa siri, naye anaandika draiva yenye msimbo wazi. Ukiifungua unakuta namba tupu: andika hii hapa, andika ile pale, bila jina wala sababu. Leseni inakuruhusu kuibadilisha, ila hujui ubadilishe nini. Siku mwandishi akiondoka, draiva inabaki yatima. Theo de Raadt wa OpenBSD, mfumo mwingine huria wa uendeshaji, amepinga mikataba ya namna hii kwa miaka mingi, akidai vitabu vitolewe kwa wote. AMD ilichukua njia hiyo ya wazi mwaka 2007, ilipoanza kuchapisha maelezo ya rejista za kadi zake za michoro.

Kitabu kizuri hakiishii kwenye rejista. Kila chipu ina kasoro zake, na orodha ya kasoro ni sehemu ya maelezo. Mwaka 1994 ilijulikana kuwa baadhi ya vichakataji vya Pentium vilikosea kugawanya namba fulani za desimali. Kwa kuwa kosa lilijulikana wazi, Linux iliweza kulipima kompyuta inapowaka na kumwarifu mwenye mashine. Kasoro iliyofichwa humfanya mwandishi wa draiva asake kosa kwenye msimbo wake usiku kucha, na kosa liko kwenye chipu.

Siku hizi kuna kizuizi kingine. Kadi za Nvidia zilizotoka kuanzia mwishoni mwa mwaka 2014 hukataa programu ya ndani ya kadi (firmware) isiyo na sahihi ya kidijitali ya kampuni. Kwa sababu hiyo Nouveau ilikwama kwa miaka kwenye kasi ndogo ambayo kadi huanza nayo inapowashwa, hata pale wataalamu walipojua namba ipi iandikwe wapi. Ukitaka kununua kifaa cha kutumia na programu huria, basi uliza mambo mawili: je, kitabu chake kimechapishwa, na je, kifaa kitakubali programu utakayoiandika baada ya kukisoma?