Mpira Unavuja? Weka Bisibisi Chini Kwanza

“Fundi, mpira wa rejeta unavuja, nimekaza klipu mpaka mwisho lakini wapi.” Kauli hii nimeisikia mno, na mara nyingi klipu hiyo, ukanda wa chuma unaobana ncha ya mpira, ikikazwa mpaka mwisho ndiyo inayovujisha. Wengi wanaamini kuwa klipu ndiyo inayozuia maji, hivyo maji yakitoka dawa yake ni kukaza. Wapo hata mafundi ninaowaheshimu wanaoamini hivyo. Kinachozuia maji ni raba iliyolala sawasawa juu ya shingo, yaani kipande cha bomba kinachovishwa mpira, iliyo safi, ya mviringo, isiyo na mikwaruzo. Klipu kazi yake ni kuibana raba hiyo kwa nguvu ya wastani, pande zote, injini ikiwa baridi na ikiwa moto.

Presha yenyewe si kubwa. Vifuniko vingi vya rejeta huachia kati ya baa 0.9 na 1.4, matairi ya gari dogo hubeba zaidi ya baa 2. Klipu ya kawaida ya skrubu, ile yenye ukanda wa milimita 12 hivi, inataka kama Nm (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza) 3 hadi 4. Hiyo ni nguvu ya kifundo cha mkono, si ya bega. Ukizidisha, raba inachomoza kwenye matundu ya ukanda na kukatika. Ukanda nao haubani sawa: chini ya kisanduku cha skrubu mbano ni tofauti na upande wa pili, na kadiri unavyokaza ndivyo tofauti inavyozidi. Kama shingo ni ya plastiki, kama zilivyo rejeta nyingi za sasa, unaipotosha mviringo wake au unaipasua ufa mwembamba uliojificha chini ya mpira. Baada ya hapo utabadilisha mipira mpaka uchoke, ukilaumu mpira usio na kosa.

Sasa nifike kwenye linaloniudhi kuliko yote: kutupa klipu za springi.

Gari linakuja likiwa na klipu za kiwandani, zile za chuma cha springi zinazofunguliwa kwa plaizi. Mtu anazishika, anaona zinazunguka kidogo kwenye mpira, anasema “hizi hazina nguvu,” anazitupa na kuweka za skrubu. Miezi michache baadaye gari linaanza kudondosha kulanti, maji ya kupozea injini, asubuhi. Injini ikipata moto, panakauka. Mwenye gari anachanganyikiwa, kwa sababu akili inamwambia kuwa maji ya moto yenye presha ndiyo yanayopaswa kuvuja.

Tazama kinachotokea. Raba hutanuka kwa joto mara kadhaa zaidi ya alumini. Injini ikifika nyuzi 90 na zaidi, raba inataka nafasi, lakini klipu ya skrubu haitoi hata kidogo. Raba inajibana yenyewe, inasogea pembeni, na baada ya kurudia hivyo siku hadi siku inabaki imekonda pale pale ilipobanwa. Usiku injini inapoa, raba inanywea, na klipu imebaki na kipenyo kile kile ulichoiachia. Mbano umekwisha. Ukikaza tena unapata nafuu ya muda, kisha raba inakonda zaidi, na hatimaye unakuta umeukata mpira mzima kwa klipu.

Klipu ya springi inafuatana na raba. Raba ikitanuka, inafunguka. Raba ikinywea au ikikonda kwa uzee, inajifunga. Waliobuni gari waliiweka kwa makusudi hayo. Kwamba unaweza kuizungusha kwa plaizi hakumaanishi kuwa imelegea. Mbano unaohitajika ni huo huo.

Hata hivyo sitakudanganya kwamba springi ni salama milele. Ikishika kutu, au ikifunguliwa kupita kiasi, inapoteza nguvu, na kwa macho huwezi kujua. Mimi huilinganisha na mpya kwa kuisikia mkononi ninapoibana kwa plaizi, na plaizi si kipimo. Kwa hiyo kwenye gari la umri mkubwa ninanunua mpya ya saizi ile ile. Saizi ni muhimu kuliko unavyofikiri: klipu ya skrubu inachukua vipenyo vingi, ya springi inachukua vichache tu, na ya saizi isiyo yake ni mbaya kuliko skrubu iliyowekwa vizuri. Kama lazima utumie skrubu, tafuta zile zenye springi ndani yake. Ukikosa, kaza kwa wastani, endesha gari lipate moto na kupoa, kisha rudia kukaza likiwa baridi kabisa. Usikaze la moto, utakuwa unaibana raba iliyokwisha kutanuka.

Mahali pa kuiweka klipu pia panaharibiwa kila siku. Shingo ina kituta kinachoizunguka karibu na mdomo. Mpira unapita juu ya kituta, na klipu inakaa nyuma yake, upande wa injini au rejeta, ikiacha milimita chache kabla ya mwisho wa mpira. Klipu iliyokaa juu ya kituta inabana mstari mwembamba tu na siku moja itateleza. Na kama unarudisha mpira wa zamani wenye alama ya klipu, rudisha klipu kwenye alama hiyo hiyo, maana ukiisogeza, nusu yake inakaa kwenye alama iliyobonyea na nusu juu ya raba iliyoinuka.

Je, mpira wa zamani urudishwe? Vitabu vinasema ubonyeze kwa vidole: karibu na ncha, kisha katikati, ulinganishe. Ushauri ni mzuri, kwa sababu mipira ya kulanti huoza kutoka ndani, na huanzia karibu na ncha. Lakini nimebonyeza mipira iliyojisikia mizima, nikaichomoa, nikamulika tochi ndani na kukuta nyufa za urefu. Vidole peke yake havitoshi. Kama mpira umeshatoka, mulika ndani. Kama umegoma kutoka, uchane kwa kisu kwa urefu, kwa uangalifu usiikwaruze shingo, uutupe. Mpira ni rahisi kuupata kuliko bomba la hita ulilolivunja kwa kulitingisha.

Shingo ya alumini yenye ukoko mweupe isafishe kwa msasa laini, na msasa uzungushe kufuata mduara. Ukisugua kutoka ndani kwenda nje, kila mkwaruzo unakuwa mfereji wa maji. Vishimo vya kutu ndivyo vinavyonipa shaka. Kanuni ni kubadilisha. Kwa kweli, vikiwa vimetawanyika na havijaungana kukatiza upana wote wa raba, shingo nyingi zinashika vizuri. Zipi zitashika siwezi kukuambia kwa kuangalia. Ninafunga, ninapampu presha kwa kipimo mpaka kiwango kilichoandikwa kwenye kifuniko, ninaacha robo saa na kutazama mshale.

Silikoni ya tyubu: acha. Naandika hivi kwa hasira kwa sababu nimechokonoa vipande vyake kwenye rejeta na hita za watu. Inapobanwa inatoka pande zote mbili, na kile kilichotoka ndani kinakatika na kwenda kuziba njia za maji. Ikiwa bado mbichi, inateleza, na mpira unachomoka. Grisi nayo na oili zinavimbisha raba ya mipira ya kulanti. Mpira ukigoma kuingia, paka maji au kulanti yenyewe.

Mipira isiyo ya maji, kuanzia ya petroli, ni habari nyingine, na nitapita haraka. Mpira wa kabureta hauwekwi kwenye injekta: mifumo mingi ya injekta za petroli inaendesha baa 3 hadi 4, kabureta haifiki hata baa 1. Soma maandishi kwenye mpira. 30R7 ni wa presha ndogo, 30R9 ni wa injekta. Klipu iwe yenye ukanda laini na kingo zilizokunjwa, isiyo na matundu. Mipira ya hewa ya turbo isafishwe oili yote mpaka ikauke, kwani utando wa oili unatosha kuichomoa. Na tepu nyeupe ya mafundi bomba isiwekwe kwenye nati za bomba za breki. Hapo kinachoziba ni koni ya chuma mwishoni mwa bomba, nyuzi za nati zinavuta tu.

Kuna gari ambalo litakushinda hata ukifanya yote haya. Mpira unashika leo, kesho unavuja, wiki ijayo unachomoka wa upande wa pili. Liwashe likiwa baridi kabisa, ushike mpira wa juu. Ukiwa mgumu ndani ya dakika moja au mbili, wakati maji hayajapata hata uvuguvugu, basi gesi ya mwako inaingia kwenye maji, na mara nyingi ni gasketi ya hedi, kizibo kati ya kichwa cha injini na bloku, iliyoharibika. Zima, subiri, na upime gesi hiyo kabla hujanunua mpira mwingine.