Sini ya kuchekesha hukatwa wapi

Kosa ninalorekebisha mara nyingi kuliko yote kwa vijana wanaojifunza kuediti hapa Arusha ni kukata mapema. Mtu anateleza kwenye tope, lakini kabla hajafika chini tumeshahamia usoni, kisha kwa jirani anayeshangaa, kisha kwenye ndala iliyobaki nyuma, na juu yake imebandikwa sauti ya springi. Mtazamaji hacheki, maana hakupewa nafasi ya kumwona mtu akianguka.

Nina hoja moja. Sini za vichekesho zinazodumu miaka na miaka ni zile ambazo mtazamaji ameona balaa linakuja kabla ya mhusika, na kamera imekaa mbali vya kutosha kumwonyesha jambo zima bila kumkatisha. Sura, mavazi na maneno hunogesha tu kazi ambayo tayari imesimama.

Chukua mchekeshaji Buster Keaton, mwaka 1928, kwenye *Steamboat Bill, Jr.* Ni wakati wa kimbunga. Amesimama mbele ya nyumba akiwa ameipa mgongo, na ukuta wote wa mbele unajitenga na kumwangukia mzimamzima. Hapati hata mkwaruzo, kwa sababu dirisha la juu lililo wazi linapita pale pale alipo. Ukuta ule haukuwa wa maboksi. Ungeweza kumuua, na nafasi ya dirisha ilikuwa ndogo sana kumzunguka. Sasa angalia kazi ya kamera. Nyumba nzima imo, mtu mzima yumo, na ukuta unaanguka wote ndani ya shoti moja, yaani picha moja isiyokatwa. Ungekatwa hata mara moja tu katikati, mtazamaji angeanza kushuku kwamba amebadilishiwa mtu, na kicheko kingefia hapo. Mkato mmoja unaweza kuua ukweli wa tukio, na kichekesho cha mwili hakina mtaji mwingine zaidi ya ukweli huo.

Sini ninayoipenda kuliko zote ni tulivu zaidi. Ni Charlie Chaplin kwenye *The Gold Rush* ya mwaka 1925, amekwama na mwenzake kwenye kibanda katikati ya theluji, njaa imewashika, naye anachemsha kiatu. Itazame polepole. Anakiopoa sufuriani, anakiweka kwenye sahani, anatenganisha ngozi ya juu na soli kwa uangalifu wa mpishi wa hoteli kubwa. Mwenzake, Big Jim, anaona amepewa soli, anabadilisha sahani ili apate ngozi. Chaplin halalamiki. Anazungusha kamba ya kiatu kwenye uma kama tambi, kisha ananyonya misumari mmoja mmoja kama mtu anayemalizia vijifupa vya kuku. (Kiatu chenyewe kilitengenezwa kwa pipi nyeusi ya mizizi, ndiyo maana kililika.) Hakuna hata mara moja anapotukonyeza kwamba anafanya mzaha. Njaa yake ni ya kweli na adabu yake ya mezani ni ya kweli, na hizo mbili zikikutana kwenye sahani moja huwezi kujizuia. Nawaambia waigizaji wetu kila siku: mhusika hajui kwamba yumo kwenye kichekesho. Siku akijua, kazi imekwisha.

Kwa Arusha yupo mwalimu mwingine ambaye kila dereva wa utalii anamwelewa bila kufafanuliwa, nayo ni Land Rover ya *The Gods Must Be Crazy*, filamu ya Jamie Uys ya mwaka 1980. Gari halina breki, na dereva yuko peke yake anahitaji kufungua geti. Ukiwa umeshaambiwa kwamba gari halisimami, geti lenyewe likionekana tu mbele unaanza kucheka, hata kabla hajashuka. Baadaye winchi, mashine ya gari ya kujivuta kwa kamba, inaachwa ikivuta, na gari linapanda mti taratibu mpaka linaning'inia. Hapo pia tunaona mapema kuliko mwenye gari. Nina malalamiko mawili kwa filamu hiyo. Picha zimeharakishwa mno mahali ambapo mwendo wa kawaida ungechekesha zaidi. Na jinsi inavyowaonyesha Wasan, wenyeji wa Kalahari, kama watu wasioijua dunia, ni ya Afrika Kusini ya ubaguzi. Hilo tusilifunike kwa sababu tu tumecheka.

*Bean* ya mwaka 1997 inafundisha jambo jirani: tatizo likue kwa mkono wa anayelitatua. Rowan Atkinson anapiga chafya juu ya mchoro wa thamani kubwa, anaufuta kwa kitambaa chenye wino, anatafuta dawa ya kuondoa wino, dawa inaondoa uso wa mama aliyechorwa. Kisha anauchora uso huo mwenyewe kwa mkono. Kila hatua ina nia njema kabisa.

Kwetu, marehemu Amri Athumani, mzee wetu King Majuto wa Tanga, aliyefariki Agosti 2018, alikuwa na kipaji cha kusubiri. Anaambiwa neno la kuudhi, hajibu. Anatazama. Unajua jibu linakuja, unaliona likipanda shingoni, na ule muda wa kungoja ndio unaovunja mbavu. Filamu zile zilikuwa za bajeti ndogo, na shoti nyingi ziliachwa ndefu. Kuna wanaoliona hilo ni udhaifu wa kiufundi. Mimi naona lilimpa mzee nafasi aliyoihitaji, na ningepewa sini zake leo nisingezikatakata.

Na Arusha yenyewe imo kwenye historia hii. *Hatari!* ya Howard Hawks, iliyotoka mwaka 1962, ilipigwa huku kwetu, na shamba la Momella chini ya Meru lilitumika humo. Hardy Krüger, mmoja wa waigizaji wake, baadaye alinunua ardhi hapo akaishi. Watu huikumbuka kwa John Wayne na vifaru. Mimi naikumbuka kwa watoto watatu wa tembo. Tumewaona wakilelewa na Dallas, yule mwanamke mpiga picha, tumewaona wakimfuata akienda kuwaogesha, muziki wa Henry Mancini ukitembea nao. Kwa hiyo Dallas anapokimbia mwishoni, na tembo wale wanaachiwa kumtafuta mjini, hatuhitaji maelezo. Saa nzima na zaidi imetumika kutuandaa. Vijana wa hapa wanaposema Arusha ni ya safari na muziki tu, huwaonyesha kipande hicho.

Kuna jambo la ufundi ambalo nililijua vizuri kwenye vibanda umiza, vile vibanda vya mtaani vya kuonyeshea filamu, kuliko studio. Watu wakicheka, hawasikii. Ukiweka mzaha wa pili juu ya kicheko cha kwanza, umeutupa. Baada ya kilele acha sekunde moja au mbili zisizo na habari mpya: mhusika ajifute tope, atazame huku na huku. Kijana mmoja aliniuliza juzi, "Kaka, hapa pamelala, si tuparuke?" Nikamwambia, "Mdogo wangu, cheza hiyo mbele ya watu kumi, halafu uje." Ukiwa peke yako na vispika vya masikioni, pengo hilo lazima litaonekana limelala.

Swali linalonishughulisha sasa ni simu. Shoti ya mbali kwenye kioo kilichosimama wima inamfanya mtu awe mdogo kama punje, ndiyo maana vijana wanakimbilia usoni. Ninachojaribu nao ni kupanga tukio kwa kina badala ya upana. Usipige anayekimbizwa kwa ubavu. Simama mwisho wa kichochoro, mtu aje kuelekea kamera, mbwa awe nyuma yake, na mwenye mbwa nyuma zaidi. Kitu cha kuanguka kining'inie juu ya fremu tangu mwanzo, mhusika aongee na simu chini yake. Fremu ya wima ina nafasi kubwa juu ya kichwa cha mtu, nasi bado hatujaitumia ipasavyo.