Kerma haikuwa kituo cha Wamisri

Kila nikitaja Kerma, mji wa kale wa Kushi kaskazini mwa Sudan, hakosi mtu wa kuniambia kwamba pale palikuwa kituo cha Wamisri. Nimechoka kulijibu hilo kwa kifupi.

Chanzo chake kinajulikana. Kati ya 1913 na 1916 mwanaakiolojia George Reisner alichimba matuta makubwa ya makaburi, na katika mojawapo akakuta sanamu ya gavana Hepzefa wa Asyut, Misri, na ya mkewe Sennuwy. Akakata shauri kwamba huyo ndiye aliyetawala pale na ndiye aliyezikwa pale. Lakini kaburi la Hepzefa liko Asyut kwao, limechongwa mwambani. Tena sanamu hizo ni za enzi ya Farao Senusret I, karne ya 20 KK, na tuta ni la kipindi kiitwacho Kerma ya mwisho, baina ya 1750 na 1500 KK. Zilifukiwa zikiwa kuukuu!

Kitu cha kigeni kaburini kinathibitisha kwamba kilifika, basi. Kama kililetwa na biashara, hidaya au upanga, chenyewe hakisemi. Kinachosema ni mazishi: maiti kalazwa kitandani kwa ubavu, magoti yamekunjwa, na katika tuta moja watu zaidi ya 300 wamezikwa pamoja na mkubwa wao. Mmisri hazikwi hivyo.

Mwaka 2003 yalisomwa maandishi ya kaburi la gavana Sobeknakht, huko El Kab, Misri, yanayosimulia Kushi na washirika wake walivyoivamia Misri. Tangu hapo wengi wetu tunaziita sanamu zile nyara. Naelekea huko pia, ila maandishi yenyewe hayataji sanamu hata moja, na ngome za Wamisri zilizoko njiani nazo zilikuwa na vitu vya kuchukuliwa.

Vigae, kuta za mji na karakana alizozifukua mwanaakiolojia Charles Bonnet ni vya wenyeji. Hapo hapana ubishi. Ubishi uko kwenye neno dola: je, Kerma ilikuwa dola? Mbele ya kaburi moja la Kerma ya Kati, kipindi kilichotangulia ile ya mwisho, yalipangwa mafuvu ya ng'ombe zaidi ya 4,000, majike, madume na ndama. Ukiyasoma kama kodi, mfalme alikwishakuwapo na mkono wake ulifika mbali. Ukiyasoma kama rambirambi za koo zilizokuja na mifugo yao, dola ilikuwa bado inatafutwa. Vitabu vingi huchagua kodi bila kueleza kwa nini. Mimi bado sijashawishika.