Darasa lielekee wapi? Dhana potofu kuhusu majengo ya shule, na ukweli wake

Mwezi uliopita nilisimama kwenye kiwanja cha shule ya msingi mkoani Tanga, vigingi vikiwa vimeshapigwa na kamba imeshavutwa, na mwenyekiti wa kamati ya ujenzi akanieleza jambo ambalo nimelisikia katika karibu kila kijiji nilichofanyia kazi: "Mhandisi, jengo lazima litazame barabara, mgeni akipita alione." Mzee yule nampa heshima yake. Ndiye aliyewahamasisha wazazi wachange mawe na mchanga, ndiye aliyelala na walinzi siku saruji ilipofika. Lakini barabara ile inatoka kaskazini kwenda kusini, na jengo la madarasa linaloitazama litakuwa na madirisha yake yote upande wa mashariki na magharibi kwa muda wote litakaposimama, yaani miaka 50 au zaidi. Nimebuni na kusimamia majengo ya shule kwa muda mrefu wa kutosha kujua kwamba hili ndilo kosa linalowaumiza watoto wengi kuliko mengine yote, na kwamba kulikwepa hakugharimu hata tofali moja la ziada, mradi lionekane kabla msingi haujachimbwa.

Dhana ya kwanza, basi, ni hii: kwamba mwelekeo wa jengo ni suala la sura. Ninaomba msomaji aingie nami katika darasa la tano la shule nyingine, ambalo madirisha yake yanatazama mashariki, saa mbili na nusu asubuhi. Jua limeingia hadi katikati ya chumba. Madawati ya upande wa dirisha yamesogezwa ukutani upande wa pili, hivyo watoto zaidi ya 60 wamebanana katika nusu ya chumba huku nusu nyingine ikiwa tupu. Madirisha mawili yamezibwa kwa maboksi yaliyofunguliwa na moja kwa kipande cha khanga, kwa hiyo mwanga na hewa vimefungiwa nje pamoja na jua. Msichana mmoja aliyekosa nafasi ya kuhama anaandika kwa mkono wa kulia na kujikinga uso kwa daftari aliloshika kwa mkono wa kushoto. Mwalimu ameandika 3/8 ubaoni, na kwa sababu ubao unang'aa, wanafunzi wa pembeni wanaandika 3/6. Hakuna aliyekosea katika chumba kile, wala mwalimu, wala mtoto. Kosa lilifanyika miaka mingi nyuma, siku fundi alipovuta kamba sambamba na barabara.

Sababu yake inaeleweka kwa kutazama angani. Dar es Salaam iko karibu digrii 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri haliendi mbali na utosi mwaka mzima: mwezi Juni huinamia kaskazini kwa takribani digrii 30, na Desemba huinamia kusini kwa takribani digrii 17. Dirisha linalotazama kaskazini au kusini linakutana na jua lililo juu, na jua lililo juu huzuiwa na upenu wa kawaida. Kwa dirisha la kimo cha mita 1.2 linaloanzia karibu na paa, upenu wa mita 1 unatosha kulikinga tangu katikati ya asubuhi hadi alasiri. Dirisha la mashariki halina kinga ya namna hiyo. Saa mbili asubuhi jua liko kiasi cha digrii 25 tu juu ya upeo wa macho, na ili upenu uzuie miale hiyo utalazimika kutokeza zaidi ya mita 2.5, jambo ambalo hakuna kamati iliyowahi kunipa mbao za kulifanya. Magharibi hali ni hiyo hiyo kuanzia alasiri, tena mbaya zaidi, kwa kuwa ukuta wa tofali za saruji hunywa joto mchana wote na kulitoa jioni. Wanafunzi wa bweni wanaorudi darasani kujisomea usiku wanalijua joto hilo kwa kuegemea ukuta tu.

Kanuni inayotokana na hayo ni fupi: urefu wa jengo ulale mashariki na magharibi, madirisha yatazame kaskazini na kusini, na ubao ukae kwenye ukuta mfupi, ili mwanga uwafikie watoto kutoka ubavuni bila kuwapiga usoni wala kupiga ubao. Kwa watu wa Pwani kanuni hii ina faida ya pili, ambayo wahenga wetu waliijua vizuri walipozipa pepo majina. Kaskazi huvuma kutoka upande wa kaskazini-mashariki kuanzia Desemba hadi Machi, na kusi hushika zamu yake katikati ya mwaka kutoka upande wa kusini-mashariki. Darasa lenye madirisha kaskazini na kusini, kuta zote mbili, hupitiwa na upepo mmoja au mwingine katika misimu yote miwili.

Wengine huniambia kwamba hawana chombo cha kupimia upande. Simu nyingi za leo zina dira, lakini hata pasipo simu, kwa miji ya Dar es Salaam, Zanzibar, Tanga na Mombasa kibla ya msikiti wa jirani inatosha, kwa sababu Makka iko karibu moja kwa moja kaskazini mwa mwambao huu. Ukisimama nyuma ya safu na kutazama mihrabu, umetazama upande ambao madirisha yako yanapaswa kutazama. Mkengeuko wa digrii 10 au 15 kwa ajili ya umbo la kiwanja hauharibu kitu.

Pingamizi zito zaidi ni la kiwanja chembamba, na ninalichukulia kwa uzito unaostahili. Mara nyingi jawabu ni kuyapanga majengo yakiwa yameipa barabara ubavu, kila moja nyuma ya mwenzake, na kuuachia ukuta mfupi usio na dirisha kazi ya kuonekana. Ukuta huo ukipigwa plasta vizuri na kuandikwa jina la shule kwa herufi kubwa, mgeni anaona shule yake na watoto wanapata kivuli chao. Hivyo ndivyo tulivyomalizana na mzee wa Tanga, baada ya kukaa naye kiwanjani hadi saa kumi ili alione jua likiingia pale alipotaka dirisha. Pia kuna mpango tunaoupenda sana nchini, wa majengo manne kuuzunguka uwanja wa mlingoti wa bendera. Ni mpango mzuri kwa paredi na kwa usalama, ila pande mbili kati ya nne lazima zitazame mashariki na magharibi. Hizo ziwe stoo, ofisi, jiko na ngazi, na madarasa yachukue pande mbili zilizobaki.

Ninaongeza neno moja kwa wenzetu wa nyanda za juu. Njombe na Makete, ambako asubuhi ya Juni mtoto huingia darasani akitetemeka, jua kidogo la mashariki ni rehema, na huko ninakubali dirisha dogo la upande huo, mradi lisiwe karibu na ubao.

Sasa nije kwenye dhana ya pili, ambayo ni pacha wa ile ya kwanza: "Ramani imetoka serikalini, hakuna cha kuamua." Ramani ya serikali ni nzuri na imeokoa fedha nyingi. Mwaka 2021, kwa fedha za mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa za kukabiliana na UVIKO-19, Tanzania ilijenga madarasa 15,000 yaliyotengewa shilingi milioni 20 kila moja, na kasi ile isingewezekana bila ramani moja. Lakini karatasi inayosema chumba kiwe na mita 9 kwa 7 haijui barabara yako ilipo, mteremko wako unaelekea wapi wala upepo wako unatoka upande gani. Chini ya utaratibu wa fosi akaunti, ambao shule yenyewe husimamia ujenzi kwa kutumia mafundi badala ya mkandarasi, anayeamua hayo ni mkuu wa shule, kamati na fundi, asubuhi moja, kwa kamba. Kwa hiyo uamuzi mkubwa kuliko yote unafanywa na watu ambao wameshaaminishwa kwamba hakuna uamuzi wowote uliobaki.

"Dari ni anasa, bati linatosha." Hili nalo linaniumiza, ingawa ninaelewa linakotoka, kwa kuwa fedha zikipungua dari ndiyo ya kwanza kukatwa. Bati lililopigwa na jua la mchana linaweza kupita nyuzi joto 60, na chumba kisicho na dari kinapokea joto hilo moja kwa moja kichwani, hata kama hewa inapita madirishani. Kisha mvua inanyesha. Kila aliyesoma chini ya bati tupu anakumbuka mwalimu akiweka chaki chini na darasa zima likikaa kimya kusubiri, kwa sababu hakuna sauti ya binadamu inayoshinda mvua ya masika juu ya bati. Vipindi hivyo vinavyopotea havirudishwi. Dari hupunguza yote mawili, lakini ni lazima nisisitize kwamba dari iliyozibwa kila upande hugeuka tanuri: wekeni matundu ya hewa kwenye kuta za pembetatu za pande zote mbili, yenye wavu wa kuzuia popo, ili joto lililo kati ya bati na dari lipate njia ya kutoka. Msanifu Francis Kéré alifuata wazo hilo hadi mwisho katika shule ya msingi ya kijijini kwao Gando, Burkina Faso, iliyokamilika mwaka 2001, alipotengeneza dari ya matofali ya udongo na kuliinua bati juu yake kwa fremu ya nondo, upepo ukapita katikati. Mafundi wake walikuwa wanakijiji. Na mkichagua bati la rangi, chagueni rangi nyepesi; bluu iliyokolea na maruni hupendeza siku ya uzinduzi na hubeba joto zaidi miaka yote inayofuata.

"Madirisha makubwa ndiyo hewa." Dirisha kubwa upande mmoja, likitazamana na ukuta mtupu, halipitishi upepo, kwa kuwa hewa haiingii mahali isipo na pa kutokea. Madirisha ya kadiri kwenye kuta mbili zinazotazamana hufanya kazi iliyo bora, na ndiyo pia yanayoufikisha mwanga katikati ya chumba chenye upana wa mita 7. Upande wa baraza msiuache na mlango peke yake.

"Tutafunga feni." Feni haipozi hewa, huizungusha, na mtoto hupata nafuu kwa sababu jasho lake linakauka. Ni msaada mzuri juu ya jengo zuri. Umeme ukikatika, jengo ndilo linalobaki.

"Ghorofa ndiyo maendeleo." Kwa shule ya katikati ya mji isiyo na ardhi, ghorofa ni lazima, na mimi mwenyewe nimezibuni. Kwa shule yenye ekari zake kijijini, ngazi, zege na nondo hula fedha ambazo zingejenga madarasa zaidi chini, na mtoto asiyeweza kupanda hufungiwa nje ya sehemu ya shule yake.

Jambo hilo linanipeleka kwenye kauli ninayoisikia karibu kila ninapochora njia ya mteremko: "Shule yetu haina mwanafunzi mwenye ulemavu." Jibu langu ni swali: angefikaje? Mteremko unaofaa ni wa 1 kwa 12, yaani msingi ulioinuka sentimita 45 unahitaji njia ya mita 5.4. Ule mfupi wa kutimiza ripoti, ulio mkali kama paa, hauwezi kupandwa na kiti cha magurudumu, na wakati wa mvua huteleza hata kwa mwenye miguu miwili.

Kuhusu vyoo, dhana ni kwamba vitajengwa fedha zikibaki, na fedha hazibaki. Mwongozo wa Tanzania unataka tundu 1 kwa wasichana 20 na tundu 1 kwa wavulana 25. Vihesabiwe siku ile ile vinapohesabiwa vyumba vya madarasa, vikae upande ambao upepo unaelekea, na vya wasichana viwe na chumba cha kujisitiri chenye maji, mlango unaofungwa kwa ndani na mahali pa kutupia taulo za kike.

Dhana ya mwisho huisikia kwa walimu, na husemwa kwa kukata tamaa: kwamba jengo likishakosewa hakuna la kufanya. Yapo mengi. Mwarobaini uliopandwa upande wa magharibi, mita 5 au 6 kutoka msingini ili mizizi isiudhuru, hukua upesi na kuanza kuukinga ukuta baada ya miaka michache; upande wa mashariki pandeni vivyo hivyo. Baraza la miti na makuti lenye upana wa mita 3 linaweza kujengwa na wazazi kwa siku chache, na hiyo ndiyo mita 2.5 ambayo upenu haukuwa nayo. Mahali palipozibwa kwa maboksi, wekeni vibao vya mbao vilivyolazwa kwa mshazari kama vya madirisha ya nyumba za zamani za Pwani, vinavyozuia jua na kuruhusu hewa. Ubao unaong'aa upakwe upya rangi isiyo na mng'ao, na kama ukuta mfupi wa upande wa pili una kivuli zaidi, uhamishiwe huko. Katika shule ile ya darasa la tano tulianza na ubao. Kazi ilichukua Jumamosi moja, kopo la rangi na fundi mmoja, na Jumatatu watoto walisoma 3/8.