Mashine ya espresso ya mtumba: anza na chokaa, pampu baadaye

Wateja wengi wanaoniletea mashine za espresso za mtumba hapa Ngamiani, Tanga, huja na hukumu tayari: "Fundi, pampu imekufa, nitafutie nyingine." Pampu mimi naigusa mwisho. Mashine iliyolala stoo miaka mingi mara nyingi huuawa na chokaa na mipira iliyokauka, na kuvitibu vyote viwili ni nafuu kuliko kununua pampu.

Kabla hujashika bisibisi, soma kibandiko cha nyuma. Kikisema 120 V na 60 Hz, hiyo imetengenezwa kwa umeme wa Marekani. Ukiichomeka kwenye 230 V zetu, hita itavuta nguvu karibu mara nne ya ilizoundiwa na itaungua upesi. Transfoma hushusha volti tu, zile Hz (idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde) zinabaki 50 na pampu haifanyi kazi kama ilivyopangiwa. Mimi namwachia muuzaji.

Ikiwa ni ya 230 V, ichomoe, ifungue, pima hita kwa mita. Hita ya wati 1200 inapaswa kusoma omu 44 hivi. Kisha gusisha waya mmoja wa mita kwenye ncha ya hita na wa pili kwenye bodi ya chuma: hapo isisome chochote. Ikisoma, hita imepasuka na umeme unavuja, ndiyo maana breka ya nyumbani inakata kila ukiwasha.

Sasa chokaa. Maji ya bomba ya jiji la Tanga hutoka Mto Zigi, kwenye bwawa la Mabayani, lakini wapo wanaotumia visima, na kisima kilichochimbwa kwenye mawe ya matumbawe hutoa maji yenye chokaa nyingi. Kila yakichemka yanaacha kidogo. Boila ya namna hiyo ukiifungua unakuta hita imevaa ukoko mweupe, mgumu, unaobanduka vipande vipande kama ganda la yai. Usiukwangue kwa bisibisi. Koroga ndimu ya unga, gramu 20 hadi 30 kwa lita moja ya maji ya uvuguvugu, uloweke. Nasema uvuguvugu kwa sababu maji yakichemka, ile ndimu na chokaa hugandana upya kuwa unga mwingine mgumu kuyeyuka, ukajiongezea kazi. Mapovu yakikoma na ukoko bado upo, mwaga, weka mchanganyiko mpya. Vipande vya shaba nyeupe (brass) vitazame kwa karibu: vikianza kugeuka rangi ya waridi, asidi imeshaanza kula zinki iliyomo, vitoe mara moja. Boila ya alumini muda wake uwe mfupi zaidi. Wanaopenda siki na watumie, mimi harufu yake kwenye mipira imenishinda.

Pampu inayovuma bila kutoa maji nayo ipitishe kwenye dawa hiyohiyo. Mara nyingi ni kipistoni chake kilichogandishwa na chokaa, au hewa iliyonaswa, na inafufuka.

Mpira wa kichwa, yaani pale unapofungwa mkono wa kuwekea kahawa, ukichakaa utaujua kwa mkono huo: ukiufunga unavuka katikati kwenda kulia, na maji yanatiririka pembeni. Mpira wa zamani hugeuka mgumu kama plastiki. Zungushia skrubu ndani yake pande mbili, kamata kwa koleo, vuta. Mpya upake grisi ya silikoni ya vyakula, nenda na ule wa zamani dukani kwa sababu unene hutofautiana.

Valvu ya usalama ya boila usiizibe hata kama inavuja. Mvuke wa bar 1 una joto la nyuzi 120 hivi. Isafishe au nunua nyingine.

Ukishafunga kila kitu, iwashe kwanza bila mfuniko, kaa mbali kidogo, angalia viungio vikipata joto. Tone likitokea, zima, subiri ipoe ndipo ukaze. Na maji ya kutumia baada ya hapo yasiwe ya kisima, lakini pia yasiwe yaliyokenekwa: mashine zinazojijaza zenyewe hutambua kina kwa umeme mdogo unaopita ndani ya maji, na maji matupu mno hayaupitishi, hivyo boila itaendelea kujijaza hadi imwagike.